Hatua Isiyo na Dhahabu

Ukitoka Katoro kuelekea kusini kwa bodaboda, vumbi hubadilika rangi kabla hujaona shimo lolote. Wekundu wa udongo wa Geita unapauka, unakuwa kijivu, kisha pembeni mwa njia zinaanza kujitokeza chungu za mchanga uliosagwa ukalainika, kila moja na mwenyewe, nyingine zimezungushiwa matawi ya miiba ili mbuzi wasipande na jirani asichote. Dereva wangu alipunguza mwendo, akanionyesha kwa kidevu.

"Marudio hayo, kaka. Hapo mtu kalaza mamilioni."

Nilikuwa nimetoka kwenye Maonesho ya Teknolojia ya Madini mjini Geita. Huko kila banda lilikuwa na cha kuniuzia: jenereta, pampu, makarasha mapya yanayonukia rangi, kaboni ya vifuu vya nazi kwenye mifuko. Nilizunguka nikitafuta banda linalouza namna ya kuondoa sumu kwenye maji na tope baada ya dhahabu kutoka. Nilipata vipeperushi. Kijana mmoja wa banda la kemikali, mstaarabu sana, aliniambia niende nikaulize kwenye planti zenyewe za kuchenjulia, maana yeye huleta kinachoulizwa na wateja. Nikafuata ushauri wake.

Anayetaka kujua kwa nini planti za sianidi zimeota kila kona ya Geita, Shinyanga na Chunya aanzie kwenye chungu zile. Mchimbaji mdogo akitoa mawe kwenye duara, yaani shimo lake, huyapeleka mwaloni, ambako kuna karasha la kusaga, mbao zilizoinamishwa na kutandikwa magunia ya katani za kuoshea, na beseni la zebaki. Zebaki hushika dhahabu iliyo huru. Ile iliyojificha ndani ya punje za jiwe huiponyoka, na mara nyingi kinachopatikana ni theluthi tu, ikizidi sana nne kwa kumi. Mchanga unaobaki na dhahabu yake ndio marudio, na kwa desturi ya mialo mingi ya Kanda ya Ziwa haurudi kwa mchimbaji. Unabaki kwa mwenye karasha, umehesabiwa ndani ya gharama ya kusagiwa. Kwa hiyo aliyeshuka shimoni anaondoka na sehemu ndogo, na mwenye mwalo analala juu ya sehemu kubwa akisubiri mwenye planti. Sianidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, inaweza kutoa tisa kwa kumi ya kile kilichomo. Bei ya dunia ilipovuka dola 4,000 kwa wakia Oktoba 2025, hata chungu zilizokuwa zimeota nyasi ziliamshwa.

Planti niliyofikia ilikuwa imezungushiwa mabati, na kwenye geti kulikuwa na fuvu lililochorwa kwa mkono, linacheka zaidi ya inavyostahili. Ndani kulikuwa na matangi ya zege yaliyochimbiwa nusu ardhini, kila moja likimeza makumi ya tani za mchanga. Stoo ya sianidi ilikuwa na kufuli mbili na daftari la kuandika kila kilo inayoingia na kutoka, kwa sababu kemikali hii iko chini ya uangalizi wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Inakuja ikiwa vipande vyeupe vikavu, ndani ya madumu ya chuma. Miligramu 200 hadi 300 zikimezwa zinatosha kuua mtu mzima: damu inaendelea kubeba hewa, lakini seli zinashindwa kuitumia, na mtu anakosa pumzi huku kifua chake kinapumua.

Mkemia wa planti alikuwa dada wa umri mdogo aliyesomea Chuo cha Madini Dodoma. Alinipa buti za mpira na kofia ngumu kabla ya salamu kwisha.

"Ukisikia harufu ya lozi chungu uniambie, kaka."

Nikamwambia lozi chungu sijawahi kuzinusa maishani.

"Basi ukiniona nakimbia, na wewe kimbia."

Hakuwa anatania tu. Wapo watu waliozaliwa bila uwezo wa kuisikia harufu hiyo, kwa hiyo pua si kipimo. Kipimo chake yeye kilikuwa juu ya meza ya mbao chini ya kibanda cha turubai. Alichota maji ya tangi kwenye kopo, akayachuja, akanyonya mililita kumi kwa kipimio na kuzimimina kwenye chupa ya kioo. Akaongeza matone ya potasiamu iodaidi. Kisha kutoka kwenye mrija mrefu wenye mistari akaanza kudondosha silva naitreti, tone baada ya tone, huku mkono wa kushoto unazungusha chupa. Kila tone lilipogusa maji liliacha wingu dogo linalotoweka papo hapo. Aliniambia niangalie lile litakalokataa kutoweka. Maji yalikuwa angavu, angavu, angavu, halafu tone moja likabaki: chupa nzima ikaingia ukungu wa manjano. Alifunga mrija, akasoma mstari, akaandika. Kisha karatasi ya kupimia ukali wa maji, yaani pH: 10.8.

"Ikishuka chini ya kumi nampigia bosi simu," alisema. "Hapo sianidi haikai kwenye maji, inaamka gesi. Ndiyo maana tunaweka chokaa mpaka majirani wanadhani tunajenga."

Sayansi ya kauli hiyo ni rahisi na inatisha. Maji yakiwa na chokaa ya kutosha, sianidi hutulia ndani yake na kufanya kazi ya kushika dhahabu. Chokaa ikipungua, hujigeuza kuwa haidrojeni sianidi, kitu kinachochemka kwa nyuzi 26 tu za Selsiasi. Saa saba mchana huku ni joto zaidi ya hapo. Mbinu yenyewe ni ya kale: John Stewart MacArthur na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest waliisajili Glasgow mwaka 1887, na katika miaka michache tu ilikuwa imefika Afrika Kusini kuokoa migodi ambayo zebaki ilikuwa imeshindwa na mawe yake. Tangu hapo hakuna aliyepata njia nyingine iliyoishinda kwa bei.

Maji yenye dhahabu yanachuruzika toka chini ya tangi na kupita kwenye mapipa ya kaboni, na kaboni inainyonya dhahabu. Kaboni ikishiba inafungwa kwa lakiri mbele ya afisa, inapelekwa mjini kwenye mtambo wa kuichemsha na kuiachisha dhahabu, na mwisho wa safari ni soko la madini. La Geita lilifunguliwa Machi 2019. Yote hayo nimeyaona mara nyingi kwenye televisheni, pamoja na mawaziri. Nilichofuata mimi kilikuwa nyuma ya matangi.

Huko vijana wawili walikuwa wakipakua tangi lililokwisha kazi. Mmoja alivaa buti. Mwenzake alikuwa na ndala, na tope lilikuwa limempanda hadi kwenye ugoko likakauka na kufanya gamba jeupe la chokaa. Walikuwa wanajaza toroli kwa koleo, wanalisukuma juu ya ubao, wanamwaga kwenye kilima ambacho tayari kilikuwa kimezidi urefu wa ukuta wa mabati. Maji yaliyobaki yalikuwa kwenye dimbwi lililotandikwa plastiki nyeusi nzito, na kwenye kona moja plastiki ilikuwa imekunjamana na kuacha udongo wazi. Nilimuuliza yule wa ndala kama anajua kilichomo kwenye tope.

"Dawa. Lakini imeshachoka."

Nikataka kujua imechoka kiasi gani, na nani aliyepima. Nilirudi kwa dada mkemia na swali hilo. Alitazama dimbwi, akatazama chupa zake, akanijibu kwa unyoofu ambao sikuupata kwenye banda lolote la maonesho. Wanapima kabla na wakati wa kazi, kwa sababu sianidi ni hela na ikipungua dhahabu haitoki. Maji yanayofaa yanarudishwa tangini yatumike tena. Yanayobaki mwishoni yanaachiwa jua.

Jua linafanya kazi kweli, tusilidharau. Hewa ya kaboni dayoksaidi ikiingia kwenye maji ya dimbwi hupunguza ukali wa chokaa, sianidi inageuka gesi kidogo kidogo na kupotea angani, na mwanga wenyewe huvunja baadhi. Dimbwi pana, la kina kifupi, katikati ya kiangazi, linaweza kupoteza sehemu kubwa ya sumu yake kwa majuma machache. Lakini kilima cha tope hakina kina kifupi. Ndani yake jua haliingii, hewa haiingii, na kilichonaswa katikati kinakaa. Isitoshe, si sianidi yote iliyo sawa. Iliyoshikana na shaba haiondoki kwa kuachwa tu juani. Iliyoshikana na chuma hutulia muda mrefu sana, hadi mwanga wa jua uanze kuifungua na kuiachia upya. Na kiangazi kina mwisho. Vuli ikianza, dimbwi lililojengwa kwa hesabu ya Septemba linapokea mvua ya Novemba.

Migodi mikubwa mingi imejikataza kutegemea bahati hiyo, na sababu yake ni mto wa Ulaya. Tarehe 30 Januari 2000, huko Baia Mare nchini Romania, bwawa la topesumu la mtambo uliokuwa ukichenjua marudio ya zamani lilizidiwa na mvua na theluji iliyoyeyuka. Ukuta ulibomoka, mita za ujazo zipatazo 100,000 za maji yenye sianidi zikaingia kwenye mito, zikafika Tisza nchini Hungaria na kisha Danube. Zaidi ya tani 1,000 za samaki zilikufa Hungaria. Kwa samaki kiasi kidogo kinatosha; hata chini ya miligramu 0.1 kwenye lita moja ya maji. Kutokana na aibu ile ukatungwa mwongozo wa kimataifa wa usimamizi wa sianidi, ambao migodi hujiunga nao kwa hiari na kukaguliwa. Kwenye bwawa la wazi ambako ndege wanaweza kutua, sianidi inayoachia kirahisi isizidi miligramu 50 kwa lita. Maji yanayotolewa kwenda mtoni yasizidi 0.5.

Wanafikaje kwenye namba hizo? Njia iliyoenea zaidi ilibuniwa na kampuni ya Inco ya Kanada miaka ya 1980. Tope linaingizwa kwenye tangi lenye pangaboi kubwa, linapulizwa hewa, linatiwa salfa dayoksaidi, ambayo mara nyingi huletwa kwa umbo la unga uitwao sodiamu metabaisalfaiti, na chokaa ya kulinda ukali ubaki kati ya nane na tisa. Kinachochochea kazi ni shaba kidogo, na shaba hiyo huja kama mrututu, ule ule wa buluu ambao wakulima wa kahawa wanaujua kwa kupiga dawa ya ukungu. Sianidi inachukua oksijeni na kuwa sianeti, ambayo sumu yake ni ndogo mno kulinganisha, nayo baadaye inavunjika kuwa amonia na kaboni dayoksaidi. Kazi nzima ni ya saa chache. Njia nyingine ni haidrojeni peroksaidi, ghali zaidi lakini haihitaji mtambo mkubwa. Klorini ni ya zamani kuliko zote na inafaa kuogopwa, kwa kuwa njiani huzaa gesi ya sumu kabla haijamaliza kazi. Salfeti ya chuma, inayogeuza maji kuwa ya buluu ya wino, ni rahisi na huuzwa kwa maneno matamu. Inaifunga sianidi bila kuiua, na nimekwisha kueleza jua hufanya nini kwa kilichofungwa na chuma.

Na wapo bakteria. Mgodi wa Homestake, jimbo la South Dakota nchini Marekani, ulikuwa umechafua kijito cha Whitewood kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1984 wakaanzisha mtambo wa kutibu maji kwa bakteria wa jamii ya Pseudomonas waliopatikana mgodini hapo hapo, viumbe waliokwisha kuzoea kula sianidi. Waliwalea juu ya magurudumu makubwa ya plastiki yanayozunguka nusu majini nusu hewani. Samaki aina ya trauti walirudi kwenye kijito. Hadithi hii naipenda kupita kiasi, nakiri, kwa sababu wafanyakazi wake hawadai posho.

Mchana tulikula kwa mama lishe nje ya geti. Ugali wake ulikuwa wa udaga, mweusi kidogo na mzito, na dagaa wa kukaanga. Vibarua walinawa mikono kwa maji ya dumu, yule wa ndala pia, na nilifurahi kuona sabuni. Nilimuuliza mama muhogo wake anauandaaje. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Si unaumenya, unaulundika, unaufunika majani uchache? Ukishaota ukungu unaukwangua, unautwanga vipande, unauanika. Jua kali. Ukiona umekauka ukavunjika mkononi, ndipo unasaga."

"Na ukiwa na haraka?"

"Muhogo mchungu hauna haraka, baba. Utaua watoto."

Muhogo mchungu una sianidi yake, imefungwa ndani ya nyama ya mzizi. Ukiuvunja na kuuchachusha, vimeng'enya vya muhogo wenyewe huiachia, na kukausha juani kunamalizia kuiondoa. Mama yule anatibu taka ya sianidi kila wiki, kwa hatua zinazofuatana, na hali chakula kabla hatua ya mwisho haijakamilika. Ni jambo lile lile, kemikali ile ile. Tofauti ni kwamba kwake ugali uko mwisho wa mnyororo, na kwenye planti dhahabu iko katikati.

Kanda hii inajua nini hutokea hatua zikirukwa. Mwaka 1985, wilayani Tarime, mkoani Mara, ukame uliwaacha watu na muhogo mchungu peke yake. Njaa ikafupisha siku za kuuandaa. Watu zaidi ya 100, wengi wao watoto na wanawake, wakakakamaa miguu na hawakupona tena. Ugonjwa huo huitwa konzo. Mwili una dawa yake: huchukua salfa kutoka kwenye protini, huigeuza sianidi kuwa kitu kinachoweza kutoka kwa mkojo. Aliyekula dagaa au maharage alikuwa na salfa ya kutosha. Aliyekula muhogo mtupu hakuwa nayo. Watafiti wa muhogo hupima unga kwa karatasi ya manjano yenye pikreti inayogeuka kahawia kadiri sianidi inavyozidi, na asidi hiyo hiyo ya pikriki hutumika kwenye maabara za migodi kupimia maji ya topesumu.

Tarime ndiyo wilaya ya mgodi wa North Mara, uliofunguliwa 2002. Mwaka 2019 NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, liliutoza faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la topesumu linalovuja, na serikali ikalisimamisha bwawa hilo lisitumike mpaka lirekebishwe. Kwa hiyo nisije nikaeleweka kwamba wakubwa ni malaika na wadogo ndio wachafuzi. Ila bwawa la North Mara lilikuwa na namba. Kulikuwa na kitu cha kupima, cha kubishania na cha kutoza faini. Dimbwi nililosimama kando yake halikuwa na namba hata moja. Kilichokuwepo ni kauli ya kijana wa ndala.

Baada ya chakula nilimuuliza dada mkemia kuhusu zebaki, na hapo ndipo sura yake ilipobadilika. Marudio yamepita mwaloni, na zebaki haitoki yote na dhahabu. Nyingine inabaki kwenye mchanga. Ukimwagia sianidi, nayo inayeyuka. Inasafiri na maji mahali ambapo ingekaa imetulia. Sehemu yake inaingia kwenye kaboni, inapanda gari kwenda mjini, na inapochomwa kule inakuwa mvuke kwenye pua za watu wasiojua hata planti iko wapi. Unaweza kuiua sianidi, ibaki hewa na mbolea. Zebaki haifi, ni elementi, utaihamisha tu. Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki, ambao Tanzania iliuridhia 2020, unataja kutia sianidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza kuwa miongoni mwa vitendo vibaya kabisa vinavyopaswa kukomeshwa. Watetezi wa sianidi hupenda kusema ni safi kuliko zebaki. Ni kweli, pale inapotumika badala yake. Kwenye vituo vya mfano ambavyo serikali ilijenga kupitia shirika lake la madini, STAMICO, kimojawapo Lwamgasa, si mbali na hapo, mawe yanachenjuliwa kwa sianidi moja kwa moja bila kupitia beseni la zebaki. Kwenye marudio sumu mbili zinakutanishwa, na iliyo rahisi kuua inaipa lifti ile isiyouawa.

Mwenye planti alifika alasiri, mzee wa Kisukuma mwenye kofia ya pama na simu tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umewaona vijana wangu wanavyochapa kazi?"

Nilimwambia nimewaona, na kwamba mmoja hana buti. Alimwita msimamizi papo hapo, akamfokea kwa Kisukuma, na buti zikatoka stoo zikiwa na lebo zake. Nikamuuliza habari za dimbwi. Hakukwepa. Leseni anayo, tathmini ya mazingira alilipia, plastiki alinunua, wakaguzi wanakuja wanatazama wanaondoka. Dawa ya kuua sumu ndiyo hajaweka.

"Kijana wangu, nisikilize. Marudio siyachimbi, nayanunua. Nikiweka hiyo dawa na jirani asiweke, kesho yeye anapandisha bei ya marudio kidogo tu, ile pesa ambayo mimi nimemwaga dimbwini. Chungu zote zinakwenda kwake. Nitabaki na maji safi na matangi matupu."

Nimesoma ripoti nyingi zinazowaita watu wa aina yake wasiojua. Mzee alijua vizuri kuliko ripoti. Aliniambia pia kwamba wote wakilazimishwa siku moja, yeye atalipa bila kinyongo, maana bei ya marudio itashuka kwa wote na hasara itamwangukia mwenye mwalo aliyeyapata bure. Sijaona dosari kwenye hesabu hiyo. Na namna ya kuwalazimisha wote ipo tayari pale pale uani: afisa anayekuja kufunga lakiri kwenye kaboni anasimama hatua chache kutoka kwenye dimbwi. Kaboni haitoki bila yeye. Angekuwa na kopo, mrija na karatasi za manjano, angeweza kuandika namba ya dimbwi kwenye fomu ile ile inayoandika uzito wa kaboni, na namba ikizidi lakiri isifungwe. Kwa sasa anayo mashine ya kupima dhahabu. Kodi ya serikali imo kwenye kaboni, na dimbwini hamna kodi.

Dada mkemia alinisindikiza hadi kwenye bodaboda. Alikuwa amepiga hesabu nyuma ya karatasi ya majibu: ujazo wa dimbwi, makadirio yake ya sianidi, kilo za metabaisalfaiti, kiganja cha mrututu, na pipa la hewa la kuazima kwa fundi matairi. Alitaka kujaribu kwenye ndoo kwanza, kisha kwenye pipa, kabla ya kumwendea mzee. Akaniomba nikifika Katoro nimuulizie bei, kwa kuwa yeye hatoki mpaka Jumapili.

Duka la kemikali la Katoro liko mtaa wa vipuri, kati ya muuza mikanda ya karasha na wakala wa fedha. Sianidi haikai dukani, ina utaratibu wake. Chokaa ipo, kostiki ipo, kaboni ipo ya aina mbili, mrututu upo. Haidrojeni peroksaidi ipo pia, kwenye chupa za lita moja. Muuzaji alisema wanunuzi ni watu wa saluni na zahanati. Nilipotaja sodiamu metabaisalfaiti alifikiri kidogo, akauliza kama natengeneza juisi au waini, kwa sababu aliwahi kumletea mtu mmoja wa kusindika matunda.

"Watu wa planti hawaulizii?"

"Hata mmoja, kaka. Tangu nifungue."

Nikamwambia kuna mmoja sasa. Alitoa daftari, akaandika jina la kemikali kama nilivyomtajia, akanirudishia kalamu nisahihishe herufi. Mfuko ni kilo 25, alisema, na kwa mfuko mmoja hapandi gari kwenda Mwanza. Wakifika watano ataleta.